MJADALA: Treni ya Pugu ipewe ratiba ya kutwa, au fedha zote ziende mwendokasi?

Mleta mada

Wakuu, kila tukizungumzia foleni ya Dar tunaishia kwenye mwendokasi, yale mabasi yenye njia zake peke yake, na daladala. Treni tunaitaja kama kitu kilichojaribiwa kikashindikana. Nakataa. Hatujawahi kuiendesha kama usafiri wa mjini, tutajuaje kwamba imeshindikana?

Oktoba 2012, Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza treni mbili za abiria wa mjini: moja kati ya Stesheni, pale katikati ya mji, na Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwenda Mwakanga. Watu wakaziita treni ya Mwakyembe. Baadaye ikaja ya Pugu. Reli zenyewe zilikuwepo siku zote. Ile ya Kati Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, na TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976 baada ya kujengwa na Wachina. Jiji likajikuta na njia isiyo na foleni, inayopita Buguruni, Vingunguti, Karakata mpaka Gongo la Mboto, kwenye watu wengi kabisa.

Tukaipa nini? Safari chache asubuhi, chache jioni. Anayemaliza kazi saa 8 mchana, hana treni. Mama anayewahi mboga Ilala alfajiri, hana. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Muhimbili, hana. Halafu tunasema wananchi hawaitegemei!

Ninachotaka ni treni kila nusu saa, kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Kikwazo si mabehewa peke yake. Njia ni moja, kwa hiyo treni zinazotoka pande mbili zinaweza kupishana stesheni tu, na moja lazima isubiri nyingine ifike. Stesheni za kupishania zikiwa mbali mbali, hata ukinunua vichwa kumi vipya utapata safari zile zile. Ziongezwe sehemu mbili tatu za kupishania kati ya Stesheni na Pugu, pamoja na ishara zake. Kazi hiyo haikaribii gharama ya kumwaga zege kilomita ishirini za mwendokasi. Na tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze mwaka 2024, abiria wengi wa Morogoro na Dodoma wamehamia huko. Nafasi ndiyo hii.

Mchangiaji wa Mbagala

Mkuu, umeandika vizuri ila umeandika kwa ajili ya watu wa huko kwenu. Sensa ya 2022 ilitupa Dar watu zaidi ya milioni 5.3. Reli ya Kati ilijengwa kwenda Kigoma, haikumlenga mtu wa Mbagala, wala Tegeta, wala Bunju, wala Kigamboni. Kila shilingi unayoiweka Pugu inanipita mimi.

Sisi barabara ya Kilwa tulijengewa njia za mwendokasi zikakamilika, zikakaa muda mrefu hazina basi, huku tumebanana kwenye daladala pembeni ya zege tupu. Unajua uchungu wake? Unaiona njia, ipo, imenyooka, na wewe umesimama kwa mguu mmoja. Kabla hamjaanza kuhesabu sehemu za kupishania treni, mabasi yajae kwanza kwenye njia zilizokwisha kujengwa. Mabasi unaweza kuyapeleka popote. Reli ikishalazwa imelala.

Mchangiaji wa Tabata

Naongeza upande ambao mleta mada ameuruka. Treni kila nusu saa kwa kila upande ni treni nne kwa saa kwenye kila kivuko, pale reli inapokatiza barabara. Mageti yatafungwa mara nne ndani ya saa moja, kwenye barabara ambazo sasa hivi hazipumui. SGR waliliona hilo wakainyanyua juu ya daraja inapotoka katikati ya mji. Reli ya zamani iko chini, na kando yake kuna genge, kuna watoto wanatoka shule, kuna watu wamegeuza tuta la reli kuwa njia ya mkato. Treni mbili za asubuhi watu wanazijua saa zake na wanazikwepa. Ukileta treni kutwa nzima bila uzio na bila walinzi wa mageti, tutazika watu. Siipingi treni, ila gharama ya uzio na mageti iingie kwenye hesabu yako. Usituambie ni rahisi.

Mchangiaji wa Nairobi

Jamani, na sisi tuko na reli ya zamani inayobeba watu wa mjini. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, karibu wakati mmoja na treni yenu. Asubuhi treni inaingia Nairobi Central imejaa hadi mlangoni, kwa hivyo anayesema watu hawataki treni hajafika pale. Lakini mchana reli yetu pia inalala. Na kitu ambacho nimeona kinavuta watu ni pale treni inaposhikana na kingine: stesheni kuu ya SGR iko Syokimau, mbali na mjini, na treni ndogo ndiyo huleta abiria hadi katikati ya mji. Mahali hakuna cha kushikana nacho, mtu akishuka anaanza tena kutafuta matatu, na akilipa mara mbili anaona heri angepanda matatu moja kutoka nyumbani.

Mzazi, Gongo la Mboto

Niseme la wanafunzi maana naona wote mnahesabu watu wazima. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni ndogo sana, na konda akiwaona wako wengi kituoni anampa dereva ishara asisimame. Mnaijua hiyo. Mtoto anaondoka nyumbani saa 11 na nusu anafika shule kipindi cha kwanza kimekwisha. Kwenye behewa hakuna wa kumrudisha chini mwanafunzi. Mlango uko wazi, anapanda kama wengine. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuitaka treni. Hata mwendokasi ya barabara ya Nyerere ikikamilika mpaka huku kwetu, treni ibaki.

Mchangiaji, aliwahi kuwa konda njia ya Kariakoo

Makonda tunasemwa sana. Gari ina hesabu ya tajiri ya kila siku, fedha ambayo lazima umfikishie mwenye gari, mwanafunzi ishirini hawafikishi hesabu. Tatizo lianzie hapo. Lakini namuunga mkono mzazi: usafiri wa umma ndio uwabebe watoto, msiutegemee mfuko wa mtu binafsi. Na mkitaka treni ya kutwa, vipanya, yaani daladala ndogo, na bajaji vipewe maegesho rasmi stesheni. Tukifukuzwa pale, abiria wa Chanika atafikaje Pugu?

Mleta mada

Nimewasoma wote. Ndugu wa Tabata, nakubali, uzio na mageti viingie kwenye hesabu, na nikiviweka bado naiona treni ni nafuu. Pia ratiba inaweza kupangwa treni mbili zipite kivuko kwa kufuatana, geti likafungwa mara moja kwa zote mbili. Ndiyo sababu naganda kwenye sehemu za kupishania na ishara.

Wa Mbagala, sitaki fedha za mabasi yenu ziguswe, na uchungu wako ni wa haki. Ila ulivyosema mabasi unayapeleka popote, kumbuka Jangwani. Mto Msimbazi ukijaa, barabara ya Morogoro inafungwa pale na njia nzima ya Kimara inakatika, na tulilaza mabasi kwenye karakana iliyojengwa bondeni hapo hapo. Jiji lenye njia moja ya kubeba umati linasimama siku njia hiyo inapozama.

Tena tuna tatizo lingine hatujaligusa. Dar tuna reli tatu na kila moja ina upana wake: ya Kati milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Kichwa cha hii hakiwezi kukanyaga ile. Hata Pugu, ambako SGR nayo ina stesheni, hakuna treni ya reli hii inayoweza kuendelea kwenye ile. Kwa hiyo kuziunganisha ni kazi ya tiketi na stesheni: nauli moja, kadi moja, mtu ashuke hapa apande pale bila kulipa upya. La Nairobi la kulipa mara mbili ndilo litakaloiua treni yetu hata tukiipa ratiba nzuri.

Mchangiaji wa Mbagala

Kadi moja nakubali, hapo umenipata. Iwe ya treni, mwendokasi na kivuko cha Kigamboni, na sisi tusio na reli tufaidike. Kwenye ratiba ya kutwa bado sijakubali. Kwanza nioneshe mabasi yamejaa kwenye zege letu, ndipo tuongelee treni ya saa 4 usiku.