Tupeane uzoefu: siku uliposimama mbele ya kizimba cha mnyama

Mwana wa Igogo
Ndugu zangu, juzi binti yangu wa darasa la nne amerudi na barua ya shule inayodai mchango wa ziara ya kwenda kutazama wanyama waliofungiwa vizimbani, na tangu niisome sijatulia. Tuliokulia Mwanza tunaijua ziara ya namna hiyo: unapanda boti, na kabla hujazoea mawimbi umeshafika Saanane, kisiwa kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kubaki na jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake. Leo ni hifadhi ya taifa, na ni vyema iwe hivyo. Ninachokikumbuka mimi ni maganda ya machungwa tuliyokuwa tukimrushia mnyama aliyelala ili aamke tumwone vizuri. Naomba tupeane uzoefu. Nimlipie mtoto aende, au abaki nyumbani?

Pimbi wa Mawe
Nami nilirusha maganda hayohayo. Mungu atusamehe.

Dada wa Pwani
Mada hii imenirudisha mahali nilipodhani nimekwisha kupasahau. Ilikuwa Idi pili, nina miaka 19, na mama alinikabidhi kitindamimba wetu mwenye miaka saba nimtembeze. Tukaenda kwenye bustani moja ya mtu binafsi, ambayo sitaitaja, na nyuma ya meza za soda palikuwa na nyani dume peke yake ndani ya kizimba cha nondo kisichozidi chumba cha kupanga. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mlikuwa na tairi moja kuukuu na sufuria ya maji iliyoota ukijani. Alikuwa akienda hatua nne, anageuka, anarudi hatua nne, na pale alipozoea kugeukia saruji ilikuwa imesuguka hadi inang'aa.

Karanga nilinunua mimi. Mdogo wangu alimpa ya kwanza, naye akaipokea kwa ncha za vidole, kwa adabu ambayo sijaisahau, akaimenya na kuila. Ya pili vilevile. Ya tatu, kijana mmoja aliyesimama nyuma yetu alimfundisha mtoto kuinyoosha karanga kisha kuirudisha, watu wakaangua kicheko, nami, astaghfirullah, nikacheka pamoja nao. Mara ya nne nyani hakuitazama karanga. Alimtazama mtoto usoni, akaudaka mkono, akauvuta ndani mpaka begani.

Nilimkumbatia mdogo wangu kiunoni nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kadiri nilivyovuta ndivyo meno yalivyozidi kuzama. Mtu akaja na fimbo, mwingine na chupa. Mzee aliyekuwa akiwahudumia wanyama alikuja akitembea, hakukimbia, akawaamuru wote warudi nyuma, kisha akachuchumaa kando ya nondo na kuzungumza na yule nyani kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa, huku akiniambia, "Mwanangu, legeza, usivute." Sijawahi kufanya jambo gumu kama kulegeza mikono ile. Nikalegeza. Nyani akaachia.

Mfupa ulikuwa salama, lakini nyama ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilichanika vibaya. Baada ya wiki mbili nilirudi pamoja na mama kumshukuru mzee yule. Kizimba kilikuwa kitupu, kimeoshwa. Alituambia kwamba nyani alipigwa risasi jioni ileile, kisha akaingia ndani na kututolea kiatu cha mdogo wangu kilichoanguka siku hiyo. Alikuwa amekisugua kikawa cheupe.

Pimbi wa Mawe
Dada, pole sana. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Babu Ali
Pole, mwanangu. Ila mnyama ni mnyama. Akishamng'ata mtoto wa watu, hapana njia nyingine. Na jeraha la meno dawa yake ni kitunguu saumu kilichopondwa, upake mara moja.

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo, Babu. Kwa heshima zote, hilo la kitunguu naomba mtu yeyote asilifuate. Jeraha la mnyama huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka chochote cha jikoni, kisha aliyeumwa huwahishwa hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo dalili zake zikishaanza karibu hauna mtu anayepona. Na chanjo ina dozi zaidi ya moja, kwa hiyo msiishie ya kwanza.

Babu Ali
Marahaba. Tulikuwa tukipaka na tulipona.

Mwalimu Mstaafu
Dada, una hakika alikuwa nyani na si sokwe? Watu wengi huchanganya.

Dada wa Pwani
Alikuwa nyani, Mwalimu. Alikuwa na mkia, na pua ndefu kama ya mbwa.

Mwalimu Mstaafu
Nimeuliza kwa sababu wapo wanaosema mnyama aliyezoea kizimba hana pa kurudi, na hilo si kweli kwa kila mnyama. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17, wengi wao wakitoka katika bustani za wanyama za Ulaya, waliachiliwa katika kisiwa cha Rubondo, humohumo Ziwa Victoria. Hawakufundishwa msitu. Walijifunza wenyewe matunda ya kula na namna ya kutandika matawi ya kulalia, wakazaana, na wajukuu wao wapo mpaka leo.

Mkaazi wa Lang'ata
Mwalimu, Rubondo ni bahati. Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini, aliletwa hifadhi ya Ol Pejeta hapa Kenya mwaka 2009 pamoja na wenzake watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Ucheki, kwa matumaini kwamba nyika itawafanya wazae. Hawakuzaa. Sudan alikufa Machi 2018, na sasa wa jamii yake wamebaki majike wawili tu duniani, Najin na Fatu, mama na binti yake. Kizimba kiliwaokoa na bunduki, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Asiyependa Nondo
Basi zifungwe zote! Kila mwenye uwanja na soda za kuuza asipewe mnyama.

Mkaazi wa Lang'ata
Zote? Hata wanaolea ndovu yatima hapa Nairobi? Mimi huenda saa tano, wanapokuja kunyweshwa maziwa. Walezi hulala nao zizini, na hubadilishana zamu makusudi, kwa sababu ndovu mchanga akimzoea mtu mmoja tu, siku mtu huyo akikosekana anaweza kufa kwa huzuni. Baadaye hupelekwa Tsavo, wakajiunga na wenzao polepole kwa hiari yao. Usivitie vyote kapu moja.

Asiyependa Nondo
Kulea ili umwachie ni kazi nyingine kabisa na kumfungia ili umtazame. Mimi nasemea nondo.

Mpiga Kasia wa Changuu
Nami nawatembeza wageni kwa kobe wetu wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Juzi nilimkuta baba mmoja amemkalisha mwanawe juu ya gamba ili apige picha. Nilimteremsha mtoto, nikampa jani la mchicha, nikamwonyesha kumpapasa kobe shingoni. Kobe akainuka kwa miguu yote minne na kuinyoosha shingo, naye mtoto akanyamaza kimya. Mwana wa Igogo, mpeleke binti yako mwenyewe, usimwachie msafara wa watoto 60.

Babu Ali
Amwache aende na wenzake. Mtoto akizuiliwa peke yake hukua na kinyongo.

Mwana wa Igogo
Nawashukuru nyote. Jana usiku nilimsomea binti yangu habari ya Dada mpaka pale nyani alipoachia, nikaishia hapo. Aliniuliza swali moja tu, nami sikuwa na jibu. Dada, yule nyani alikuwa na jina?

Dada wa Pwani
Kibao cha mlangoni kiliandikwa bei ya kiingilio tu, wakubwa na watoto. Lakini siku ile mzee alipochuchumaa alimwita kwa jina, mara tatu au nne. Nilikuwa nalia, sikulisikia.