Orodha inatiki watu sita, halafu naambiwa "kidole chako kinene"

Chokaa_Mbichi (mwanzisha uzi)
Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Herufi zikipishana mnivumilie.

Yule bwana mnamjua. Kila aliyewahi kurithi msimbo wake anamjua, na aliyeukodolea macho saa nane za usiku anamjua zaidi.

Leo tunamwonyesha mteja programu ya Android ya kutuma ujumbe kwa unaowachagua. Orodha ya majina 400, kila jina na kisanduku chake cha tiki. Natiki jina la kwanza. Naskroli chini, jina la 13 nalo lina tiki! Sijaligusa, sijalipumulia. Napanda juu, la tatu nalo limepata. Nashuka, zimezaana. Mwisho kioo kina tiki sita, na chini yake maandishi yanasema "Waliochaguliwa: 1". Mteja anauliza kwa upole kabisa, sasa huu ujumbe unakwenda kwa nani?

Yule bwana akajiegemeza kwenye kiti, akasema: "Labda kidole chako kinene."

Mbele ya mteja! Kidole changu! Kwa hiyo kidole kimegusa jina la 13 ambalo wakati ule halikuwepo hata kwenye kioo? Kidole gani hicho, mwiko?

Nimefungua msimbo wake. Nanukuu wote, ni mstari mmoja:

if (mtu.amechaguliwa) kisanduku.setChecked(true)

Basi. Akichaguliwa, wekwa tiki; else, yaani "la sivyo", hakuna. Mtu ambaye hakuchaguliwa hana anayemvua tiki. Angeandika setChecked(mtu.amechaguliwa) tungekuwa tunapeana mikono saa hizi. Maana orodha haitengenezi mistari 400, inatengeneza michache ya kujaza kioo na ya akiba kidogo. Mstari ukitokea juu unaokotwa, unapelekwa chini, unapewa mtu mwingine. Ni kiti na abiria. Abiria kashuka, kofia kaiacha kitini, na anayekuja anavalishwa. Kazi ya onBindViewHolder (sehemu inayoupa mstari mtu wake) ni kufuta kiti kila abiria anapobadilika, na yeye hafuti. Halafu kidole changu ndicho kinene.

Mzee_wa_Terminali
Pole sana mkuu. Ila weka picha ya kidole tujiridhishe.

jicho_la_nne
Ni gumba au cha shahada? Tusihukumu upande mmoja.

Chokaa_Mbichi
Chekeni tu. Mngekuwepo mkaona mteja alivyoangalia kidole changu. ALIKIANGALIA, wakuu.

Kamba_Fupi
Mkuu, usikimbilie kurekebisha huo mstari peke yake, utalia mara ya pili. setChecked ikibadilisha tiki inamwamsha msikilizaji (kipande cha msimbo kinachoitika tiki ikibadilika), na msikilizaji aliyepo bado ameshikilia abiria wa zamani. Unamvua tiki mtu wa 13 kwenye kioo, kumbe unamwondolea uchaguzi mtu wa kwanza kwenye data. Anza na setOnCheckedChangeListener(null) umwondoe msikilizaji, weka tiki, ndipo umrudishe msikilizaji akiwa na mtu mpya. Mpangilio huo huo, usiuchezee.

Bahari_Kavu
Mbona mnajitesa? Mimi niliweka setIsRecyclable(false), tiki zikatulia.

Kamba_Fupi
Zimetulia kwa sababu umekataza viti visitumike tena. Kila mstari unaoingia kwenye kioo unajengwa upya. Orodha yako inaskroli kama inapandisha mlima na gunia kichwani. Toa hiyo kitu.

Bahari_Kavu
Watumiaji wangu hawajalalamika.

jicho_la_nne
Bado wanasubiri ifunguke.

SautiYaPembeni
Afadhali yako ni tiki. Kwetu ni picha. Naskroli haraka, picha ya mtu wa pili bado inashuka kutoka kwenye seva, na inapofika mstari wake ulishapewa mtu wa 14. Inatua hapo hapo bila kuuliza. Shangazi yangu ametokea na ndevu! Aliyeandika (na yeye mnamjua, msijifanye) anasema ni intaneti yangu. Intaneti imeota ndevu? Alitakiwa asitishe ule upakuaji wa zamani mstari unapobadilisha mwenyewe, au picha ikifika aulize kwanza: huu mstari bado ni wa yule yule?

Chokaa_Mbichi
Unaona? "Intaneti yako." "Kidole chako." Ni chuo kimoja hawa.

Mfuko_wa_Nyuzi
Mimi nilirithi ListView, orodha ya Android ya zamani, yenye kichwa juu. Nabonyeza kumfuta wa tano, anafutika wa sita. Wiki nzima najihisi nimelogwa, kumbe onItemClick (inayosema umegusa nafasi gani) inakihesabu kichwa kama nafasi 0, kwa hiyo kila mtu kasogea hatua moja. Wa mwisho ukimgusa programu inakufa.

Mzee_wa_Terminali
Nyie mmekuta RecyclerView, orodha inayozungusha viti yenyewe, ipo tangu 2014 mnadeka. Sisi tulipewa getView na convertView (mstari wa zamani wa kutumia tena) mkononi. Ikija null, yaani tupu, unajenga, isipokuja null unatumia iliyopo, na vishikio vya mstari unaandika mwenyewe. Hakuna aliyetulazimisha, ndiyo maana wengi hawakuandika.

jicho_la_nne
Na wa iPhone msikae kimya huko nyuma kama watakatifu. dequeueReusableCell ni kiti kile kile, na nusu yenu prepareForReuse, pa kukifutia, hamjawahi kuigusa.

Tone_la_Asubuhi
Mimi kilio changu ni wanaokariri namba ya nafasi. Mtu anaikamata position (namba ya nafasi) ndani ya onBindViewHolder, anaifungia kwenye kitufe cha kufuta. Ukifuta mstari wa juu kwa notifyItemRemoved (tangazo kwamba mmoja kaondoka), waliobaki wanapanda lakini hawapiti tena onBindViewHolder, yaani hawafungwi upya, vitufe vyao bado vina namba za zamani. Kidole kinapogusa ndipo uulize bindingAdapterPosition (nafasi yake ya sasa), na ikikupa -1 uache, huyo mtu hana nafasi tena. Nafasi ni mahali, siyo jina la mtu!

Chokaa_Mbichi
"Kidole kinapogusa." Hata wewe?

Bahari_Kavu
Baada ya kufuta unaita notifyDataSetChanged (tangazo kwamba data yote imebadilika), kila kitu kinafungwa upya. Kwisha.

Kamba_Fupi
Na uhuishaji unakufa, na mistari yote ya kwenye kioo inafungwa upya kwa sababu ya mtu mmoja aliyeondoka. Ndiyo maana ipo DiffUtil, inayotafuta kilichobadilika tu.

Bahari_Kavu
DiffUtil kwa orodha ya watu tisa? Una vita na nani?

Kamba_Fupi
Na wewe.

Chokaa_Mbichi
Wakuu, tumetoka kwenye hoja. Mbele ya mteja, jamani.

SautiYaPembeni
Kuna kitu hakuna anayekitaja. Orodha ya meseji inaruka! Unalenga jina, meseji mpya inaingia juu, mistari yote inashuka hatua moja, unagusa mwingine kabisa. Juzi nimempigia mtu niliyemkimbia miaka mitatu.

Mzee_wa_Terminali
Ukakata haraka?

SautiYaPembeni
Alishapokea.