Tupeane uzoefu: Msitu, maji na bahari vilipogawanywa, wewe ulikuwa umekaa wapi?

Mtoa mada, Kilwa

Wakuu, salaam. Naomba tuelezane tuliyoyaona kwa macho, si ya kusikia. Kijiji chako kina msitu, mto, malisho au bahari. Siku ya kuamua nani atumie na nani apate nini, nani aliitwa na nani hakuitwa? Naanza na kwetu.

Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyotufungulia njia: kijiji kinapima mipaka, kinaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha kinavuna na kuuza chenyewe. Wilayani kwetu mali ni mpingo. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cha kuthibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuharibiwa, mwaka 2009, wa kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Tulipoona wenzetu wameweza, na sisi tukajipanga.

Mauzo yetu ya kwanza siyasahau. Magogo yamepangwa, kamati ya maliasili inayagonga alama kwa nyundo ya kijiji, watoto wanakimbia kuzunguka lori. Ukaitwa mkutano mkuu wa kijiji kuamua matumizi ya fedha. Ulikuwa mwezi wa kumi, saa nne asubuhi. Anayejua mwezi wa kumi kwetu anajua saa nne wanawake wako wapi: wameinama kwenye madimbwi ya mtoni, wanasubiri maji yachuje ndoo ijae. Tukapitisha jengo la ofisi ya kijiji na posho za doria. Wanadoria wote walikuwa wanaume, na mimi nikiwemo.

Mama aliporudi akaniuliza mmepitisha nini. Nikamwambia ofisi. Hakusema neno, akamimina maji kwenye mtungi. Nilikuwa nimenyoosha mkono kupitisha ile ofisi, na maji niliyokunywa usiku ule aliyabeba yeye.

Halmashauri yetu ya kijiji ilikuwa na wanawake robo kama inavyotakiwa. Majina yao yalikuwepo. Tulichokosea ni saa. Mwaka uliofuata tukahamishia mkutano alasiri, wanawake wakajaa, na kisima kirefu kikapita bila ubishi. Kwa hiyo nauliza, kwenu ilikuwaje?

Mkulima wa mwani, Kusini Unguja

Assalamu alaykum jamani. Kaka, umesema saa, miye nitasema kina cha maji.

Mwani wa biashara ulianza kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989. Wanaume walijaribu, wengi wakaachia, tukabaki wanawake. Nilimfuata mama yangu nikiwa mdogo. Unasubiri bamvua, maji yakitoka mbali unashuka na kamba zako, unachomeka mambo, yaani vigingi, unafunga mbegu moja moja. Maji mafu unakaa nyumbani unatayarisha kamba. Kwa pesa hiyo tumesomeshwa, na wengine wamejenga nyumba wakati waume zao hawana hata bati.

Kulikuwa na aina mbili, kotonii na spinosumu. Kotonii ndiyo yenye bei. Basi maji yakaanza kuwa moto. Huhitaji kipimo, unasimama nayo magotini saa tatu unajua kuwa haya si maji ya zamani. Kotonii ikageuka nyeupe, ikalainika, ikakatika mikononi. Unashuka kuvuna unakuta kamba tupu. Siku hiyo nililia palepale majini, na mwenzangu wa kitalu cha pili naye analia, hakuna wa kumbembeleza mwenzake. Tukabakia na spinosumu, inayovumilia zaidi lakini bei yake ya chini. Kazi ile ile, mgongo ule ule, pesa pungufu.

Wakaja wataalamu wakatwambia kotonii itaishi mkiipeleka maji ya kina, huko kuna ubaridi. Ni kweli. Lakini kina kinataka chombo na kinataka kuogelea. Vyombo ni vya wanaume, na sisi wasichana wa pwani hii, ajabu ya Mungu, tumezaliwa ufukweni hatukufunzwa kuogelea. Mafunzo ya mwanzo yalipofika wakaitwa wenye vyombo. Tukakaa ufukweni tunaangalia. Mwani wetu, joto si letu, na dawa ya joto ikapewa mwengine!

Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wetu wa shehia, wanawake kumi na moja. Hatukupiga kelele. Tulitaka mambo mawili: tufundishwe kuogelea na mwalimu mwanamke, na chombo kiandikwe jina la kikundi. La kwanza tumelipata. Sasa naogelea, nina watoto wanne na naogelea. La pili bado. Na ufukweni penyewe muwekezaji mmoja anasema kamba zetu zinawachafulia wageni bahari.

Kijana wa Kinango, Kwale

Dada, hongera sana kwa kuogelea.

Kwetu ni bara la Kwale, ardhi ya jamii, ukame mtupu. Walikuja watu wa kampuni moja na mkataba wa kaboni, yaani biashara ya kulipwa kwa hewa chafu inayohifadhiwa na miti na udongo, wa miaka 30, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu. Wazee watatu wa kamati walikuwa tayari kutia sahihi kwa sababu waliahidiwa pesa za haraka wakati ng'ombe wanaanguka. Siwalaumu. Mtu ambaye mifugo yake inakufa hana nafasi ya kusoma kurasa.

Mimi nilikuwa nimesoma Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016. Makubaliano ya namna hiyo yanahitaji theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wakae kwenye mkutano wakubali. Tena marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishatolewa. Karatasi yao haikutaja hata moja. Nikasimama nikaomba isomwe kwa Kiduruma, kifungu kwa kifungu. Ilichukua siku mbili. Siku ya pili ajuza mmoja akauliza, "Miaka 30 mimi nitakuwa kaburini. Mjukuu wangu akitaka kuchunga hapa ataomba ruhusa kwa nani?" Waliokuja na mkataba hawakuwa na jibu. Wakaondoka na karatasi zao.

Sisemi kaboni ni mbaya. Gazi na Makongeni, upande wa pwani wa kaunti yetu hii hii, wanalinda hekta 117 za mikoko tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja. Pesa ikiingia inatoka maji ya bomba na vitabu vya shule, na wanakijiji wenyewe ndio wanaokaa kuamua. Nilikwenda kuwatazama. Hesabu zao mtu wa kawaida anaelewa.

Ndugu wa Kalehe, Kivu Kusini

Jambo bandugu. Mimi nitasema kidogo, maana inauma. Mwezi wa tano 2023 mvua ilinyesha kwetu, mito ikashuka na mawe, Bushushu na Nyamukubi zikafunikwa. Watu zaidi ya 400 walikufa. Nilizika shangazi bila kumuona uso.

Wanatuambia mulikata miti, mulichoma makala, ni kusema makaa. Ndiyo, tulikata. Mtu aliyekimbia vita akafika mlimani bila shamba, atapika na nini? Afrika nzima haifiki asilimia 4 ya hewa chafu inayopasha dunia moto. Mwaka 2022 kule Misri mataifa yalikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Shangazi alikuwa na mashamba mawili ya mihogo chini ya mawe. Nataka kujua fomu yake inajazwa wapi.

Mfugaji, zamani Usangu

Poleni ndugu wa Kalehe.

Mtoa mada, nimesoma habari ya msitu wenu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Usangu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na mto ule ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwa hiyo umeme nao uliguswa. Kila aliyetafuta mwenye kosa alimkuta ng'ombe. Mifereji ya mpunga ilikuwa inachota maji kiangazi kizima, lakini mpunga hauna kwato. Mwaka 2006 tukaamriwa kuondoka. Baba alikuwa na wiki chache. Wengine walikufa njiani, nasema ng'ombe, na mdogo wangu mmoja pia, kwa homa.

Tulielekezwa kusini. Tulikofikia, kaka, ni Kilwa.

Tulipofika tukakuta misitu ina mipaka na sheria ndogo. Nzuri, naziheshimu, kwa sababu malisho bila sheria yanaisha. Ila ziliandikwa sisi hatupo, na zilipopitiwa upya tulikuwepo tayari na hatukuitwa. Miaka yote hii tumelipa faini tu. Naomba kujua, katika ule mkutano wenu wa alasiri, wafugaji walikuwa wangapi?

Mtoa mada, Kilwa

Ndugu yangu, hakuwepo hata mmoja. Nimekaa na swali lako tangu jana. Nilikuwa kwenye doria iliyokamata ng'ombe wenu mara mbili, na faini ile iliingia kwenye mfuko uliochimba kisima. Pole kwa mdogo wako.

Mpango wetu wa usimamizi unapitiwa tena mwaka huu. Nitalileta hili kwenye kamati kwa maandishi: kaya zenu ziitwe, na njia ya mifugo kwenda majini ichorwe kwenye ramani. Sina hakika litapita.

Mkulima wa mwani, Kusini Unguja

Peleka, kaka. Na wake zao hukamua na kuchota maji saa ngapi? Kawaulize wao kwanza, ndipo upange mkutano.