Mrejesho: Mama na kifaa cha mguu chenye mota

Niliuliza hapa kama kifaa cha mguu chenye mota, kile kinachofungwa mguuni kwa mikanda ili kusaidia goti, kingemfaa mama, ambaye kiharusi kilimwachia mguu wa kushoto dhaifu.

Kimemfaa, ila si kwa namna niliyodhani. Mota haimbebi. Vihisi vinasubiri aanze yeye kunyanyua mguu, ndipo goti lisaidiwe.

Wiki ya kwanza tulihangaika na mikanda tu: mota ikishuka kidogo chini ya usawa wa goti, kifaa kinavuta vibaya na kuchubua ngozi. Mtaalamu wa fiziotherapia alipima upya, akaongeza sponji, akapunguza nguvu ya msukumo.

Asanteni sana mliosisitiza tujaribu kabla ya kununua. Fimbo bado anaishika. Jana alipanda ngazi nne, akageuka kunitazama. Nililia.