Acheni kuwauzia wanafunzi maiki za kondensa na hadithi ya trei za mayai

Wakuu, nina hasira, na leo sitazunguka.

Hapa Tabora mwanafunzi akipata bumu na anapenda kuimba, anaingia dukani kuulizia maiki ya kurekodia. Muuzaji hamuulizi anaishi wapi wala chumba chake kikoje. Anamshushia kondensa yenye boksi la kuvutia, stendi na kitambaa cha kuzuia pumzi, anamwambia "hii ndiyo wanayotumia studio". Akiulizwa kuhusu kelele, jibu liko tayari mdomoni: bandika trei za mayai ukutani, kelele zote kwisha.

Huo ni uongo, na unakula hela ya chakula ya watoto wa watu.

Mwenzangu wa chumba kafanyiwa hivyo. Tumepanga Isevya, chumba hakina silingibodi. Ukuta unaishia kwenye kenchi, juu ni bati tupu, kwa hiyo anayekohoa chumba cha mwisho tunamsikia. Jamaa kabandika trei ukuta mzima, kafunga dirisha, kaingiza beti moja. Tulipovaa hedifoni kusikiliza, kulikuwa na sabufa ya jirani, mtoto analilia uji, bodaboda inapiga resi, na embe lililodondoka juu ya bati katikati ya mstari wa pili, puu! Wanaoijua Tabora na miembe yake wanajua msimu huo bati halinyamazi. Sauti ya mwimbaji mwenyewe ndiyo ilikuwa ya kutafuta.

Sauti ya nje huzuiwa na kitu kizito na kwa kuziba kila upenyo. Trei ni karatasi nyepesi. Itapunguza kidogo mrudio wa sauti nyembamba mle ndani, lakini besi ya jirani inapita kana kwamba hujabandika kitu. Tena karatasi hiyo inashika moto upesi, na wengi wetu tunapikia jiko la koili humo humo ndani. Anayetoa ushauri huu analifikiria hilo?

Kondensa yenyewe si mbaya. Imeundwa kunasa vitu vidogo vidogo, na kwenye chumba kilichotulia hiyo ndiyo sifa yake. Kwenye nyumba ya kupanga inanasa mtaa mzima. Halafu kondensa nyingi za studio zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi ya nje au mixa. Ukiichomeka kwenye tundu la maiki la kompyuta inapata volti chache tu, sauti inatoka hafifu, unapandisha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki), na kelele zinapanda nayo. Muuzaji hakulitaja hili hata kwa neno moja. Mwenzangu aliporudi dukani akaambiwa boksi likishafunguliwa hawapokei.

Alichotakiwa kuuziwa ni maiki ya dainamiki, aina ile ya kushika mkononi jukwaani. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na bado watu wanaimbia, na zipo za bei ya chini zinazofanya kazi kwa namna ile ile. Unaisogelea. Kila ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inapanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ya jirani inabaki pale pale. Kutoka sentimita 40 hadi 10 umepata desibeli 12 bila kutoa hata shilingi. Maiki nyingi za namna hii hazisikii vizuri kwa nyuma, basi mgongo wake uelekeze dirishani. Godoro lisimamishe nyuma yako wewe mwimbaji, maana maiki inatazama huko. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya bure, kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 na muungurumo wa pikipiki utapungua. Kile kifaa chake cha kuondoa kelele kinafaa kwa mvumo usiobadilika kama wa feni. Muziki wa jirani hakiutoi, na ukilazimisha unaharibu sauti yako.

Na ninyi mnaojibu "si aende studio", mnajua studio inalipiwa. Mtu anayejifunza anahitaji kurudia mstari ule ule usiku kucha mpaka ukae, na hilo analifanyia chumbani kwake.

Ninyi wa video za mitandaoni mnaojionyesha na trei nyuma yenu, futeni hizo video. Wenye maduka, muulizeni mteja anarekodia wapi kabla hamjashika hela yake. Na wewe uliyemuuzia mwenzangu, unajijua na duka lako unalijua: maiki haina hata mkwaruzo, imerudishwa kwenye boksi lake na risiti ipo. Mrudishie hela yake au mbadilishie.