Programu za kutibu wasiwasi: wanakufundisha kupumua, usiku wanakukata hela

Wakuu, salaam. Hili nimekaa nalo tangu mwezi wa sita. Nalitoa leo kwa sababu nimechoka, na kwa sababu najua humu ndani wapo ambao moyo unawaenda mbio usiku kama wangu na hawajamwambia mtu.

Mwezi wa nne nilikuwa ndani ya mwendokasi asubuhi naelekea Kariakoo kazini. Tulipotoka Magomeni kuelekea Jangwani, ghafla moyo ukaanza kupiga kama unataka kutoka, vidole vikafa ganzi, pumzi haishuki. Nikajua nakufa. Nilishuka kituo cha Fire nikakaa chini, mama mmoja akanipepea kwa kanga. Hospitali wakapima presha, sukari, wakanipiga kipimo cha umeme wa moyo. Vyote safi. Daktari akaniambia, "Kaka, huna ugonjwa, punguza mawazo." Nipunguze vipi, hakusema. Mgonjwa mwingine alishaingia.

Ndivyo mtu anavyojikuta saa nane usiku na simu mkononi, anatafuta kwa nini moyo wake unakimbia. Ukishatafuta mara moja, matangazo hayakuachi. Likaja la programu moja ya Kiingereza, siku 28 za kujitibu wasiwasi mwenyewe nyumbani, siku 7 za kujaribu kwa dola 1. Nikaweka namba ya kadi.

Kabla ya kuanza kuna maswali, mengi kwelikweli. Unalala saa ngapi, unaogopa nini, umewahi kukimbia mkusanyiko. Moja lilikuwa hivi: je, unapata shida kupiga simu au kubishana na mtu usiyemfahamu? Nikajibu, sana. Naomba mlikumbuke hilo.

Masomo yenyewe siwezi kuyaita utapeli, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Somo la kwanza lilieleza kwamba mwili ukidhani kuna hatari unamwaga adrenalini, moyo unasukuma damu kwenye misuli, unapumua haraka kupita kiasi, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na ndiyo maana vidole vinakufa ganzi. Ile ganzi niliyodhani ni kiharusi ilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Nililia, wakuu. Miezi miwili naandika wosia kichwani na hakuna aliyekuwa amenieleza jambo la dakika tatu.

Yakafuata mazoezi. Vuta pumzi kwa kuhesabu 4, itoe polepole kwa kuhesabu 6. Andika wazo linalokutisha, halafu ulihoji, ushahidi wake uko wapi. Rudi kidogo kidogo mahali unapopaogopa. Siku ya sita nilipanda mwendokasi tena, kituo kimoja tu, nimeshika chuma mpaka kiganja kinauma, nikashuka mzima. Hii ni tiba ya fikra na tabia, ile ambayo daktari Aaron Beck wa Marekani aliianzisha miaka ya 1960. Mwongozo wa mwaka 2011 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaweka kujisaidia kwa namna hii kwenye hatua za mwanzo kwa mwenye wasiwasi wa jumla. Kwa hiyo dawa ni ya kweli. Hawa wameichukua dawa ya kweli wakaifanyia biashara ya kausha damu.

Siku ya 7 asubuhi niliingia nijitoe. Nikakuta SMS ya benki, imeingia saa nane na dakika kumi na nne usiku: dola 79.99 zimekatwa, malipo ya miezi mitatu. Zaidi ya laki mbili. Kumbe kwenye vigezo na masharti, chini ya kitufe kikubwa cha kijani, kwa maandishi ya kijivu ambayo niliyaona baada ya kuyakuza kwa vidole viwili, wameandika kwamba lazima ujitoe saa 24 kabla. Yaani siku 7 zao ni 6.

Nikafuta programu kwenye simu nikadhani yameisha. Wakuu, kufuta programu hakusitishi makato. Mwezi wa tisa wakanikata tena dola 79.99. Nikaenda Play Store kwenye orodha ya malipo yangu, hamna kitu, kwa sababu kadi niliiweka kwenye tovuti yao moja kwa moja na Google hawahusiki. Nikatafuta mahali pa kujitoa. Kujiunga ilikuwa kubonyeza mara moja. Kujitoa, piga simu. Namba ya Marekani, na saa zao za kazi kwetu ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku.

Sasa lirudieni lile swali. Waliniuliza kama naogopa kupiga simu, nikawaambia sana, jibu langu wanalo. Halafu mlango pekee wa kutokea ni simu.

Nilipiga mara tatu nikakata kabla haijaita. Mara ya nne muziki, muziki, vocha ikaisha. Nikaongeza. Akapokea dada mmoja mpole mno, akaniuliza, una uhakika unataka kuacha kupona? Kwa maneno hayo hayo. Mkono unatetemeka, Kiingereza kimenipotea, akasema atanipa miezi mitatu ijayo kwa nusu bei. Nikasema sawa. Nilipiga simu kujitoa nikaishia kukubali makato mengine, nikakata nikalala sakafuni.

Benki niliambiwa, "Kaka, namba ya kadi uliiweka mwenyewe, mfumo unaonyesha uliridhia." Nikaomba fomu ya kulalamikia muamala. Fomu inataka ushahidi wa maandishi kwamba niliomba kujitoa. Simu haiachi maandishi. Sidhani hata kidogo kwamba ilipangwa hivyo kwa bahati mbaya.

Na msiniambie ndiyo biashara ya mtandaoni ilivyo. Huko kwao Marekani ipo sheria ya mwaka 2010, ROSCA, inayomtaka muuzaji aeleze makato waziwazi na aweke njia rahisi ya kujitoa. Mwaka 2024 tume yao ya biashara, FTC, iliifikisha mahakamani Cerebral, huduma nyingine ya afya ya akili mtandaoni, siyo hii yangu, na Cerebral ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 7. Miongoni mwa madai ni kuwazungusha wateja wanaotaka kujitoa. Mmarekani analindwa. Wa Kimara anamlilia nani? FCC, tume yetu ya ushindani, inalitazama hili au mpaka tulie wengi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya mambo yapo bure. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 mwongozo wenye picha na sauti wa kukabili msongo, unaupakua bila kadi. Nairobi wanawake 421 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017, nusu yao wakapewa vikao vitano na watu wa kawaida wa mtaani waliopewa mafunzo, na wakapata nafuu kuliko waliopelekwa kwenye huduma za kawaida. Hapo kulikuwa na mtu anayekusikiliza na kukuuliza umefikia wapi. Mimi kwa laki nne na ushee sikupata hata ujumbe mmoja ulioandikwa na binadamu, ila siku nilipotaka kuondoka.

Ukiona lazima ulipie, tumia kadi yenye hela ya hiyo huduma tu, piga picha ukurasa wa masharti kabla hujabonyeza, jitoe siku ileile unayojiunga, na uwaandikie barua pepe hata kama wanataka simu.

Makato yajayo ni tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili. Kadi nimeomba ifungwe, wamesema siku tano za kazi. Aliyewahi kurudishiwa hela na kampuni ya nje kupitia benki zetu aandike hapa alianzia dawati gani na alipeleka karatasi zipi. Na anayemfahamu mwanasaikolojia hapa Dar anayepokea watu jioni baada ya kazi, aniambie na bei yake. Mpaka leo nashukia Magomeni, Jangwani navuka kwa miguu.