Naomba ushauri: rangi ya reli za ngazi za nje inabanduka

Habari wakuu. Mwaka jana nilipaka upya reli za chuma za ngazi za nje hapa nyumbani, na sasa rangi inatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Kosa langu nalijua nusu: nilipitisha msasa juu juu tu, nikapaka rangi ya mafuta bila praima (rangi ya kwanza ya kushikisha). Chini, pale nguzo zinapoingia kwenye zege na maji hutuama, kutu imekula hadi chuma kimevimba.

Kinachonichanganya ni upande mmoja usio na kutu hata kidogo. Chuma ni cha kijivu, kinang'aa, lakini rangi inatoka kwa ukucha. Nahisi kimepakwa zinki, na rangi ya mafuta haielewani na zinki. Nitumie praima gani huko?

Na penye kutu, brashi ya waya inatosha? Fundi mmoja kaniambia nipake juu yake tu, itajifunika. Sijamwamini.

Halafu rangi ya zamani kabisa niliikuta nilipohamia. Naogopa kuisaga kwa mashine, isije ikawa na madini ya risasi, na nina watoto wadogo.